Mbao za mninga zimechukuliwa karakanani kwangu, TP (kibali cha kusafirishia mbao) ni ya gari bovu. Kosa ni langu?

Fundi Milango (Mbagala)

Wakuu habari za usiku. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa bei za mbao, hili ni jambo jingine kabisa.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Mbagala, huu mwaka wa 17 natengeneza milango na fremu. Sijawahi kulala ndani. Sijawahi kupelekwa hata baraza la kata kwa kelele za mashine. Jana Jumanne asubuhi wamekuja watu wanne wa misitu na gari, wakapakia mbao zangu 38 za mninga wakaondoka nazo. Wameniachia karatasi inayoonyesha wamechukua nini, na wito wa kufika ofisini Ijumaa saa tatu. Leo Jumatano usiku. Nina siku moja ya kujua nikaseme nini.

Nitaeleza tangu mwanzo na sitaficha sehemu zinazoniumbua, maana nikificha mtanishauri vibaya.

Mwezi uliopita nilipata oda ya milango 7 na fremu zake kwa mama mmoja anayejenga Kigamboni. Akasisitiza mninga. Hataki msaji, hataki mkongo, eti mkongo unamkumbusha madawati ya shuleni kwao. Akatoa kianzio. Nikapiga hesabu nikaona nahitaji mbao 40 za mbili kwa sita, futi 12. Nikazunguka yadi nne, kila yadi bei inanikata maini. Ndipo akanipigia dalali ninayemfahamu miaka kama mitatu, aliwahi kuniletea paini za Mafinga safi kabisa na hatukukosana hata siku moja. Akasema ana mninga jangwa umetoka kusini, na kila ubao atanishushia elfu 18 chini ya bei ya yadi. Elfu 18 mara 40 ni laki saba na elfu 20. Hapo akili ikahama.

Mzigo ulishushwa saa kumi alfajiri. Nikauliza mbona usiku, akasema amekwepa foleni ya Kongowe. Nikauliza karatasi, akanipa TP ya fotokopi, akasema halisi imebaki na dereva kwa kuwa ana mzigo mwingine unaendelea mbele. Nikaikunja nikaitia kwenye droo ya misumari. Sikuisoma. Ninasoma vipimo vya wateja kwa miwani mpaka usiku, ila karatasi ile sikuisoma.

Yapo mambo niliyaona kwa macho yangu nikayapita. Mbao zilikuwa mbichi. Nilipopitisha randa ubao wa kwanza, maranda yalitoka marefu, yana unyevu, yakaninatia vidoleni. Ukingoni, kwenye ule weupe wa nje wa mti, kulikuwa na utomvu mwekundu haujakauka. Wanaoujua mninga wanajua, ukikatwa unatoa kitu kama damu, ndugu yangu mmoja mgeni wa kazi aliwahi kudhani nimejikata. Sasa mbao mbichi namna ile, TP ina tarehe ya miezi mitano nyuma. Tena TP inasema vipande 25. Mimi peke yangu nimeshushiwa 40, na gari lilipoondoka lilikuwa bado limejaa.

La mwisho ndilo lililonitoa jasho. Yule afisa aliposoma namba ya gari kwa sauti, nikahisi naijua. Walipoondoka nikatoka mpaka gereji ya mtaa wa nyuma. Ni Fuso lililosimama pale tangu mwaka jana, halina injini, kuku wa mwenye gereji wanatagia ndani ya kebini. Gari lililokuja kwangu alfajiri ile silo hilo.

Sasa wakuu: kosa ni langu au la dalali? Nikisema nilinunua sijui, inanisaidia? Jirani ananiambia Ijumaa nitapewa fomu, nisaini, nilipe, yaishe. Nisaini? Na mama wa Kigamboni nimwambie nini? Mbao mbili walinikuta nimeshazikata kuwa vichwa vya milango, hizo wameziacha mezani.

Dalali simu haipatikani, kama mlivyokwisha kubashiri.

Mzee wa Nyundo

Fundi, pole. Mimi ni mstaafu, nimefanya kazi ya misitu miaka 31, mingi yake Rufiji na Kilwa. Nitakujibu kama ningemjibu mwanangu, usikasirike.

Aliyekata ana kosa lake, aliyebeba ana lake, na wewe una lako. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 haiishii porini. Kukutwa na zao la msitu ambalo huwezi kuonyesha umelipata kihalali ni jambo la kujibia, hata kama hujawahi kushika shoka. Mbao haziwezi kujieleza, anayeulizwa ni aliyekutwa nazo. Kusema hukujua kunaweza kukupunguzia, hakukufuti. Na kwa maelezo haya uliyoyatoa mwenyewe, nani atakuamini kwamba hukujua? Saa kumi alfajiri? Enzi zetu kazini mazao ya misitu yalikuwa hayasafirishwi usiku. Saa 12 jioni gari lilikuwa linalala lilipo mpaka saa 12 asubuhi. Mzigo unaofika kwako kabla jua halijatoka ni wa kutiliwa shaka hata kama karatasi zake ni za dhahabu.

Nikueleze karatasi inavyozaliwa, maana mafundi wengi mnaiona ikiwa imeshazeeka. Mvunaji lazima awe amesajiliwa. Anapeleka maombi, yanakwenda kwenye Kamati ya Uvunaji ya Wilaya, mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Yakipita analipa, anapewa leseni yenye aina ya mti, ujazo, na msitu anaotakiwa kuvuna. Akishakata tunakwenda kupima, tunagonga nyundo yenye alama ya serikali kwenye gogo na kwenye kisiki. Nyundo ile mimi nimelala nayo chini ya mto miaka na miaka, maana ikiibwa umekwisha. Baada ya hapo ndipo inatoka TP, nayo inataja gari, mzigo, unakotoka, unakokwenda na siku ya kwisha. Kila geti wanagonga muhuri. TP ni ya safari moja.

Angalia hiyo yako: imefotokopiwa upande mmoja tu au pande zote mbili? Nyuma ndiko mihuri inakokaa. Mtu akikupa uso wa TP bila mgongo, ujue mgongo unasema ilishafika mahali siku nyingi zilizopita.

Tupige hesabu ya kiseremala. Ubao wa mbili kwa sita wa futi 12 ni futi moja ya ujazo kamili. Futi 35 na kitu ndizo mita moja ya ujazo. Kama vipande 25 vya kwenye TP ni vya kipimo hichohicho, hiyo ni karatasi ya chini ya robo tatu ya mita. Wewe umeshusha zaidi ya mita moja, na Fuso likijaa linabeba mara kumi ya kilichoandikwa. Wale wengine waliolishusha lile gari alfajiri ile, wote wana fotokopi ya TP yako. Sasa umejua elfu 18 yako ilitoka wapi. Hukupunguziwa bei. Uligawiwa kipande cha ushuru ambao haukulipwa.

Jambo hili nimeliona likikua. Zamani kuvuka Rufiji mpaka kivuko cha Ndundu, lori linaweza kulala hapo siku mbili, mvua zikinyesha ndiyo usiseme. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 tulishangilia, na mimi nilishangilia. Haukupita muda barabara ikawa ya magogo. Mwaka 2007 ikatoka ripoti ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, kuhusu biashara ya mbao za kusini: kuna mahali asilimia hadi 96 ya mapato yaliyopaswa kukusanywa yalikuwa hayakusanywi, na China ilikuwa imeandika kuingiza mbao zetu mara kumi ya tulizoandika sisi kuzitoa. Watu walituzomea mitaani. Mimi wakati ule nilikuwa na wilaya nzima, pikipiki moja, mafuta lita kumi kwa mwezi. Wapo wenzangu waliokula, sitawatetea. Wapo pia tuliokuwa tukisikia chensoo inalia ng'ambo ya bonde na hatuna cha kupanda kwenda huko.

Kuhusu fomu. Inaitwa kufifilisha kosa. Sheria inaruhusu mtu akiri, alipe, jambo liishe bila mahakama. Ni njia halali na kwa mtu wa mbao 38 mara nyingi ni nafuu. Lakini soma: unapoweka saini UNAKIRI. Hakikisha kilichoandikwa ndicho ulichofanya, yaani kukutwa na mbao, si kuvuna wala kusafirisha. Lipa kwa kumbukumbu namba ya serikali tu, upate risiti. Ukiambiwa weka kwenye namba hii ya simu, hapo inuka uondoke. Na kama una mwanasheria hata wa msaada wa bure, nenda naye, mimi si mwanasheria. Chukua fotokopi ile, chukua ujumbe wote wa dalali kwenye simu, na hilo la kuku kwenye kebini walieleze kama ulivyotueleza sisi.

Pita Kulia

Mzee shikamoo, ila unamtisha fundi bure. Mwaka 2014 Singapore walishika magogo karibu 30,000 ya mti mwekundu wa Madagascar kwenye meli moja. Kesi ikapelekwa, mwaka 2019 mahakama ya rufaa ikamwachia mwenye mzigo, kwamba magogo yalikuwa yanapita njia tu. Magogo elfu thelathini yanapita njia! Fundi wa Mbagala mbao 38 hazipiti njia, zinakamatwa. Nyie sheria yenu inajua kuhesabu mpaka 40 tu.

Mzee wa Nyundo

Marahaba. Unayoyasema ni kweli na yananiuma kuliko yanavyokuuma wewe. Lakini Ijumaa saa tatu anayeitwa ni fundi, si Singapore. Ngoja tumvushe huyu kwanza.

Mama Kamati (Kilwa)

Fundi Milango salaam. Mimi niko huku magogo yanakotoka. Ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji chetu, sitakitaja kwa sababu tuna kesi. Huku huo mninga wenu tunauita mtumbati.

Kijiji chetu kina msitu wake, umepimwa, una mpango wa usimamizi na sheria ndogo zilizopitishwa na halmashauri. Mti wa msitu wa kijiji ukiuzwa kwa utaratibu, fedha inaingia akaunti ya kijiji. Mnunuzi akija tunakwenda naye kwa miguu, anaonyeshwa mti umesimama. Tunaupima kifuani kwa utepe. Mpingo usiofika sentimita 24 haukatwi hata alie. Ukikatwa tunagonga gogo, tunagonga kisiki, tunaandika kwenye daftari: namba, aina, unene, eneo. Daftari ninalo mimi, nimelifunga kwa nailoni kwa ajili ya mchwa na mvua. Wenzetu wa Kikole na Kisangi, hapahapa Kilwa, mwaka 2009 walipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri, msitu wa asili wa wanakijiji wa kwanza Afrika kukipata, na mpingo wao ukaenda kutengenezewa zumari za wazungu. Kwa hiyo msituambie haiwezekani.

Sasa nikwambie upande wa pili wa elfu 18 yako. Mwezi wa tatu tulikuwa doria watu saba, panga na filimbi. Tukakuta visiki sita vya mtumbati havina nyundo. Mmoja ulikuwa mtoto, mguu wangu na mguu wa mwenzangu ukipanga unaufunika. Hawa watu wanapasulia hapohapo porini kwa chensoo kwa macho, hawana kamba wala nini, kwa hiyo nusu ya mti inakuwa vumbi na mabanzi. Tulikuta mabanzi yamelala yanatoa utomvu, siafu wameshafika. Walikuwa wamepika ubwabwa. Jiko la mafiga lilikuwa bado la moto, maana yake walitusikia tukija wakatuachia.

Miti ile sita ilikuwa imo kwenye daftari langu, ya kuja kuuzwa. Tulikuwa tumeihesabia nyumba ya muuguzi, mpaka sasa haina bati.

Si kwamba nasema ndiyo iliyokuja kwako. Msitu ni mkubwa, na wezi ni wengi. Lakini ule utomvu ulioushika vidoleni mimi naujua harufu yake. Sikulaumu sana fundi. Nakulaumu kidogo. Mnunuzi wetu halali mwaka jana aliacha magogo nane yamelala porini mpaka yakaingia funza, kwa sababu kila yadi aliyokwenda Dar aliambiwa bei yake haishikiki, kuna watu wanaleta rahisi. Hao watu ndio dalali wako.

Fundi Milango (Mbagala)

Mama Kamati, nimesoma mara mbili. Sina la kusema hapo kwenye bati. Nimenyamaza kwanza.

Mzee wa Nyundo shikamoo. Nimeitazama fotokopi, ni upande mmoja tu. Na ile sehemu ya tarehe ya kwisha imefunikwa na kivuli cheusi, nilidhani ni wino wa mashine. Mashine ya fotokopi haichafui pahala pamoja tu, sasa ndiyo naona.

Jirani wa Voi

Pole sana ndugu. Hapa Kenya sisi tulionja dawa nyingine. Mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji kwenye misitu ya umma na ya jamii, ikasema siku 90. Siku 90 zikaendelea hadi 2023. Mafundi wa hapa Taita wengine waliacha randa wakaenda bodaboda, na mbao zilizokuwa sokoni nyingi zilitoka kwenu na Uganda na Kongo. Kwa hiyo mkifikiri mkikaza kwenu tatizo limeisha, hapana, linavuka mpaka.

Ushahidi ni msandali. Tangu 2007 kuuvuna huku ni marufuku. Mti wenyewe ni mdogo, ukiuona hauuthamini, lakini mafuta yako kwenye shina na mizizi, kwa hiyo mwizi haukati, anaung'oa. Tena anatafuta wa kike kwa sababu ndio wenye mafuta zaidi. Ukishang'oa wa kike, mbegu itoke wapi? Magunia yalikuwa yanavushwa usiku hadi viwanda vya nchi jirani, huko yakageuka mafuta yenye karatasi safi. Ilibidi mwaka 2013 nchi zote za Afrika Mashariki ziingizwe pamoja kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ndipo angalau mtu akaanza kuulizwa. Nchi moja ikifunga mlango peke yake, jirani anakuwa dirisha.

Mbeba Maboksi

Wakuu niko Marekani, ghala la fanicha, zamu ya usiku, ndiyo maana naandika saa hizi. Naongeza upande wa mnunuzi wa mbali kwa sababu kuna mafundi humu wanaota kuuza nje.

Huku kuna sheria inaitwa Lacey. Ni ya mwaka 1900, ilianza na wanyama na ndege, mwaka 2008 wakaiongezea miti na mimea. Ujanja wake ni huu: haikuulizi kama umevunja sheria ya Marekani. Inakuuliza kama mti ulikatwa au kusafirishwa kinyume cha sheria ya KULE ULIKOTOKA. Maana yake ile sheria ya misitu aliyoitaja Mzee, na TP, na nyundo ya Mama Kamati, vinaweza kusomwa mbele ya hakimu huku. Kampuni ya magitaa ya Gibson ilivamiwa mwaka 2009 na tena 2011, habari ya mwanzo ilikuwa mti mweusi wa Madagascar, ebony, si mpingo wetu. Mwaka 2012 wakakubali kulipa adhabu ya dola 300,000, na mbao za Madagascar zilizoshikwa wakazikosa. Halafu wauza sakafu, Lumber Liquidators, wakalipa zaidi ya dola milioni 13 kwa mbao ngumu zilizokatwa mashariki ya mbali ya Urusi zikapitia viwanda vya China. Nao walikuwa na karatasi. Kilichowaua ni kwamba dalili walikuwa nazo mbele ya macho na wakaendelea kununua. Fundi, kisa chako hicho, tofauti ni idadi ya sifuri tu. Ulaya nao wana ya kwao tangu Machi 2013, mwagizaji wa kwanza lazima aonyeshe amechunguza mbao zimetoka wapi.

Na mninga wenyewe siku hizi si mti wa kubeba tu. Tangu Februari 2023 jamii yote ya mninga ya Afrika imo kwenye CITES, mkongo pia. Magogo na mbao za kupasua zinazopelekwa nje ya nchi zinataka kibali chake. Mpingo ulishaingia 2017. Wanaouza vinyago: vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 kwa mzigo havidai kibali hicho, na tangu mwisho wa 2019 ala za muziki zilizokamilika nazo zimeachiwa. Lakini kuachiwa kibali hakumaanishi mpingo wa wizi umetakasika. Mimi nilitumiwa fimbo mbili za mpingo na binamu yangu, afisa wa forodha akaniuliza zimetoka msitu gani. Nikasema Tanzania. Akasema hilo ni jina la nchi. Nikabaki naangalia viatu vyangu.

Pita Kulia

Haya hapo kwenye "hilo ni jina la nchi" nimecheka. Fundi, mimi nafuta nusu ya niliyosema. Nusu nyingine inabaki.

Fundi Milango (Mbagala)

Mrejesho wakuu, leo Ijumaa.

Nilikwenda. Nilifika saa mbili na nusu nikakaa kwenye benchi la mkongo, nikakumbuka mteja wangu nikatabasamu peke yangu. Niliyempata ni binti mdogo, ana heshima, aliniita baba. Nikamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, na saa kumi alfajiri, na maranda, na kuku. Kwenye kuku aliacha kuandika akaniangalia, halafu akatoa fotokopi nyingine kwenye faili akaiweka kando ya yangu. Kivuli cheusi ni kilekile, mahali palepale. Yangu ilikuwa ya nne.

Fomu nililetewa. Iliandikwa "kukutwa na kusafirisha." Nikasema, mama, mimi gari sina, naomba hilo la pili liondolewe. Hakubisha, aliifuta akachapa nyingine. Mzee wa Nyundo, ningekuwa sijakusoma ningeweka saini ile ya kwanza kwa kuwa ilikuwa na muhuri mzuri. Faini ni kubwa kuliko ile laki saba na 20 niliyodhani nimeiokoa, nimepewa kumbukumbu namba, nimelipa nusu ya akiba ya ada ya mtoto. Mbao sitarudishiwa.

Mama wa Kigamboni nimemwambia ukweli. Alikasirika, akakata simu, baada ya saa moja akapiga akauliza kama mninga halali upo kweli duniani. Nikamwambia upo, ila inabidi asubiri na aongeze. Mama Kamati nimekutumia ujumbe inbox kuhusu yale magogo, kama yapo ambayo funza hawajayafikia. Sijakuomba punguzo.

Sasa sikilizeni hili la mwisho. Muda huu, saa tano na robo usiku, dalali amepiga kwa namba mpya. Anacheka, pole na matatizo kaka, ndiyo biashara. Ana mkongo, umeshafika Vikindu, wa kesho alfajiri, na safari hii karatasi ni mpya kabisa. Nikamwambia sawa, nipigie picha TP, mbele na nyuma, na usimame mbele ya gari namba ionekane.

Tiki mbili za bluu zimetokea. Yuko hewani. Anaandika, anaacha, anaandika, anaacha.